Forodhani sweta isiyo na mikono ni sweta: Hesabu ya fundi mwenye kazi nyingi nusunusu

NYUMA ya mlango wa fundi wa sweta hakukosi mfuko. Huenda ni kiroba kilichowahi kubeba sukari, au begi la shangazi kaja ambalo zipu yake ilikufa zamani, lakini vilivyomo ndani havitofautiani sana kutoka Namanga hadi Goma. Kuna mgongo wa sweta ya damu ya mzee usio na kifua. Kuna mikono miwili ya kijani, mmoja umeishia kwenye kiwiko. Kuna kitambaa cha kochi kilichobakiza ukingo tu, na kofia ya mtoto mchanga ambaye huenda sasa anatembea.

Mwenye mfuko huo huuita kazi. Mwenye jicho la biashara angeuita pia mtaji uliofungiwa. Kila kipande mle ndani ni uzi uliokwishalipiwa na ni saa zilizokwishatumika. Mara nyingi ni pesa ya mtu aliyetoa kianzio akaambiwa aje Jumamosi.

Mshika mbili moja humponyoka, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwa na shule tano za kuvalisha kabla ya Januari. Mfumaji anayeishi kwa ufumaji hawezi kushika kazi moja hadi iishe ndipo aguse nyingine. Uzi unaisha ukiwa umebaki mkono mmoja, na duka lenye rangi hiyo liko Nairobi. Mwalimu mkuu hajaleta vipimo vya wanafunzi wapya. Nembo zilizopelekwa kudariziwa hazijarudi. Akikaa kusubiri, sindano zinalala na njaa inaamka. Kwa hiyo anafungua kazi ya pili, kisha ya tatu, na ikifika ya saba hakumbuki tena ya kwanza ilikuwa ya nani.

Ipo namna ya kuwa na kazi nyingi ambayo ni akili tupu. Mama anayeuza vitunguu huku anafuma anajua kwamba kazi ya kibandani ni ile inayoweza kuachwa katikati ya mstari mteja akifika: mwili wa sweta ulio bapa, au skafu yenye mstari mmoja unaojirudia. Kitambaa cha maua kinachotaka kuhesabiwa vitanzi hakiendi sokoni. Hicho ni cha usiku watoto wakishalala, kwa sababu kosa la kitanzi kimoja huonekana mistari ishirini baadaye. Kazi ya ndani ya basi lazima ienee kwenye mkoba, kama soksi za mtoto. Blanketi husubiri Juni, maana linakaa mapajani na kumpasha joto mwenyewe anayelifuma. Na mkono nao una haki yake. Anayehama kutoka uzi mnene kwenda uzi mwembamba hubadilisha mwendo wa kifundo cha mkono, na kifundo kinachorudia mwendo mmoja kutwa nzima hatimaye hudai deni lake.

Kazi tatu au nne za aina hiyo, kila moja na saa yake, hazigombani.

Mwenye mashine ya kufuma ya mkono ana ugonjwa tofauti. Kitanda cha mashine kinabeba kipande kimoja kwa wakati, kwa hiyo kazi zake zilizo nusu hazining'inii kwenye sindano. Zinalala zimekunjwa. Mashine inakimbia, lakini kuunganisha mabega, kushonea mikono na kumalizia shingo ni kazi ya vidole, na vidole havikimbii. Fundi akipenda sehemu inayokimbia atafuma migongo thelathini kwa furaha, aione imerundikana, ajihesabu amefanya kazi kubwa wiki hiyo. Lakini mgongo peke yake hauuzwi.

Kalenda za shule hazifanani

Kwa anayevuka mpaka, jambo la kwanza la kujua kuhusu sweta za shule ni tarehe. Tanzania na Kenya hufungua mwaka wa masomo Januari. Uganda hufuata mwishoni mwa mwezi huo au mwanzoni mwa Februari. Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hufungua Septemba. Juu ya hizo kuna baridi yenyewe. Juni na Julai huuma Arusha, Njombe, Mbeya, Nairobi na Limuru. Kabale, Musanze na Goma, kwa urefu wa milima yake, huwa na asubuhi za sweta karibu mwaka mzima.

Fundi anayeuza upande mmoja tu wa mpaka ana kilele kimoja, na kilele hicho ndicho kinachojaza mfuko wa nyuma ya mlango. Novemba na Desemba anapokea kila kitu, kwa sababu anayekataa oda mwezi huo anaogopa Machi. Mwenye wateja Arusha na Gisenyi anaweza kuzipanga kazi zake zipishane. Sare za Septemba anazifuma Juni hadi Agosti, wakati mwenzake amekaa, na za Januari anazianza Oktoba wakati zile za Septemba zimekwisha kulipwa. Idadi ya sweta kwa mwaka inaweza kuwa ileile. Kinachopungua ni zile zinazokuwa wazi kwa siku moja.

Lakini kalenda nazo huhama, na aliyefuma kwa mazoea ameumia. Kutokana na corona, Kenya ilianza mwaka wa masomo wa 2021 mwezi Julai na ule wa 2022 mwezi Aprili, ndipo Januari 2023 mambo yakarudi kama zamani. Rwanda nayo iliacha kufungua Januari ikahamia Septemba. Sweta za kijivu zilizokuwa zimeandaliwa kwa ajili ya mwezi ambao haukufika zilibaki kuwa mtaji uliolala kabatini. Simu moja kwa mwalimu wa upande wa pili, kabla ya kukata uzi, ni rahisi kuliko kiroba kimoja cha kijivu.

Hesabu ya foleni

Kuna kanuni ambayo haikutungwa kwa ajili ya wafumaji lakini inawakaa kama glavu. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alitoa uthibitisho wa kihisabati wa uhusiano kati ya vitu vitatu: idadi ya kazi zilizo wazi, kasi ya kuzimaliza, na muda ambao kila kazi hukaa ndani. Viwanda na hospitali huitumia hadi leo. Kwa lugha ya kibandani, chukua idadi ya sweta zilizoanzwa, gawanya kwa idadi unayomaliza kwa wiki, utapata wastani wa wiki ambazo mteja atasubiri.

Tuseme karakana yenye mafundi wawili inamaliza sweta kumi kwa wiki. Ikiwa na sweta arobaini zilizo wazi, kila moja itakaa wastani wa wiki nne. Ikipokea oda nyingine na kufikisha themanini bila kuongeza mikono, ni wiki nane. Mikono haikuongezeka, ila kilichoongezeka ni watu wanaokuja kuuliza, “Fundi, sweta ya mwanangu vipi?” na kujibiwa, “Mama, imebaki kidogo tu.” Jibu hilo mara nyingi ni la kweli. Zote themanini zimebaki kidogo tu, na ndiyo maana hakuna hata moja inayotoka.

Ukitaka kumwahidi mteja wiki tatu kwa kasi hiyo ya kumi, basi usiwe na zaidi ya thelathini zilizo wazi. Ya thelathini na moja iandikwe kwenye daftari, iwe na jina na tarehe ya kuanza, lakini isipande kwenye sindano. Mafundi wengi hupinga hapo, na wana hoja. Mteja akiona uzi wake bado uko kwenye mfuko wa duka huhisi amesahaulika, lakini akioneshwa vidole viwili vya ukingo uliofumwa hutulia. Ukingo huo wa kumtuliza mteja ni gharama, na umejaza viroba vingi.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye kianzio. Shule ya kwanza inatoa advansi, fundi analipa ada ya mtoto wake. Uzi haujanunuliwa. Shule ya pili inatoa advansi, inanunua uzi wa shule ya kwanza. Ya tatu inanunua wa ya pili. Mnyororo huo unaweza kwenda miezi bila mtu kugundua, almradi kila wiki kuna mteja mpya. Siku oda zikisimama, fundi anabaki na kazi tatu zilizo nusu, pesa zote zimekwisha, na wateja wa mwisho ndio wanaolipia uzi wa wa kwanza. Dawa yake haina ujanja: kianzio kinunue uzi wote wa kazi hiyo siku hiyohiyo, na kinachobaki ndicho kiingie mfukoni.

Anayenunua uzi kwa fedha moja na kuuza kwa nyingine ana sababu ya ziada ya kuharakisha. Shilingi ya Kenya ilishuka hadi karibu 160 kwa dola moja Januari 2024, kisha miezi michache baadaye ikawa imerudi karibu 130. Aliyekubaliana bei ya sweta kwa shilingi ya Tanzania wakati ile ya Kenya iko chini, kisha akaenda kununua nusu ya pili ya uzi Nairobi baada ya kupanda, alikuta faida yake imeliwa njiani. Kazi iliyokaa wazi miezi mitatu inabeba ubishi wa soko la fedha ambalo mfumaji hana usemi nalo.

Uzi wa leo si wa kesho

Sweta inayoachwa nusu haikai ilivyoachwa. Rangi ndiyo inayosaliti kwanza. Kiwanda hupaka uzi rangi kwa mafungu, na kila fungu hutofautiana kidogo na jingine hata kama jina la rangi ni lilelile. Ndiyo maana lebo huwa na namba ya fungu kando ya namba ya rangi. Dukani, chini ya taa, damu ya mzee mbili zinafanana kabisa. Kwenye gwaride la shule, saa mbili asubuhi juani, mtoto mwenye mkono wa fungu jingine anaonekana toka langoni. Mwenye kuvuka mpaka kufuata uzi anunue wa sweta nzima kwa mara moja, namba moja, na akate kipande cha lebo akishone kwenye kazi. Ikimbidi kuchanganya mafungu, asibadilishe ghafla. Afume mistari miwili ya uzi wa zamani na miwili ya mpya kwa kupokezana kwa kipande cha urefu wa shubiri hivi, na jicho litadanganyika.

La pili ni mkono wa mfumaji mwenyewe. Kila mtu ana ukazaji wake, nao hubadilika kwa uchovu, kwa haraka, na kwa muda. Wafumaji hupima kwa kuhesabu vitanzi kwenye sentimita 10. Kama sweta ya kifua cha sentimita 100 ilipangwa kwa vitanzi 20 kwa kila sentimita 10, inahitaji vitanzi 200 kuzunguka. Mkono uliokaza ukatoa vitanzi 22 badala ya 20, vilevile 200 vitatoa kifua cha sentimita 91 tu. Ni saizi ya mtoto mwingine. Kazi iliyolala tangu Machi na kushikwa tena Agosti huonesha mstari pale mkono ulipobadilika, kama kovu. Mwenye uzoefu hufumua mistari miwili mitatu ya mwisho, afume kipande kidogo pembeni kwanza mkono uzoee, ndipo aendelee. Na mikono ya sweta huifuma yote miwili kwa pamoja, kwa madonge mawili ya uzi, ili isije ikatofautiana na ili ule wa pili usije ukasahaulika, jambo ambalo hutokea kuliko mafundi wanavyokubali.

Kisha kuna wizi wa sindano. Kazi mpya inataka sindano ya milimita 4, na iliyopo imekaa kwenye kazi iliyolala. Fundi anaichomoa “kwa siku mbili tu”, vitanzi anavipitishia uzi wa akiba. Mpaka hapo hakuna ubaya, tena vitanzi hupumzika vizuri zaidi kwenye uzi kuliko kwenye sindano. Ubaya ni kwamba hakuandika saizi. Miezi mitatu baadaye anabahatisha, anashika ya 4.5, na nusu ya juu ya sweta inapanuka kuliko ya chini. Kijikaratasi kilichofungwa kwenye kazi kwa uzi kinaokoa haya yote: jina la mteja, vipimo, saizi ya sindano, namba ya rangi, mstari alioishia, kianzio kilichopokelewa na tarehe iliyoahidiwa. Asiyependa kuandika akipige picha kwa simu, lakini simu huibiwa na karatasi hubaki kwenye kiroba.

Mpakani hakuna “nusu”

Wapo wanaopeleka vipande upande mmoja na kuviunganisha upande mwingine, kwa sababu mashine iko huku na vidole vya bei nafuu viko kule. Mpango huo ni halali na una faida, lakini unahitaji kueleweka, maana wengine hudhani kiroba cha migongo na mikono kitahesabiwa kuwa ni nyuzi tu.

Hakihesabiwi hivyo. Forodha za Jumuiya ya Afrika Mashariki hutumia mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, na mfumo huo una kanuni ya wazi: bidhaa isiyokamilika, lakini ambayo tayari ina sura na tabia kuu ya bidhaa kamili, huainishwa kama bidhaa kamili. Iliyokamilika lakini imefunguliwa vipande nayo ni hivyohivyo. Mgongo, kifua na mikono miwili katika mfuko mmoja ni sweta, na sweta, iwe imefumwa kwa sindano au kwa kroshia, inakaa sura ya 61. Uzi unakaa kwingine kabisa, kulingana na ulivyotengenezwa. Mikono mitupu bila miili itaonwa kuwa sehemu za nguo, lakini nayo haiwi uzi.

Tofauti hiyo ina bei. Kwa mzigo unaotoka nje ya Jumuiya, ushuru wa pamoja ulijengwa kwa ngazi: sifuri kwa malighafi, asilimia 10 kwa bidhaa za kati, 25 kwa zilizokamilika, na tangu Julai 2022 ipo ngazi ya asilimia 35 kwa bidhaa zilizoteuliwa. Kilichozalishwa ndani ya nchi wanachama hakidaiwi ushuru huo kikithibitishwa asili yake. Neno zito hapo ni kuthibitishwa. Mfumaji anajua sweta imefumwa Arusha kwa sababu aliifuma yeye, lakini ofisa hakuwepo.

Mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani unaweza kupita kwa utaratibu uliorahisishwa, kwa cheti cha asili kinachotolewa palepale mpakani, ikiwa bidhaa hiyo imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Orodha inabandikwa au inaulizwa, na kwenye mipaka mikubwa kuna dawati la taarifa za biashara kwa ajili hiyo. Pale uzi ulipoagizwa kutoka nje ya Jumuiya, maswali yanaweza kuwa mengi zaidi, kwa hiyo risiti za uzi na barua ya oda ya shule zikae mkobani. Na kusamehewa ushuru wa forodha hakufuti kodi nyingine za ndani.

Vituo vya pamoja vya mpakani navyo vimebadilisha mwendo. Mutukula kilizinduliwa Novemba 2017, Busia Februari 2018, Namanga Desemba 2018. Msafiri husimama mara moja tu, upande anaoingia, na maofisa wa nchi zote mbili wako hapo. Foleni imepungua, lakini ile nafasi ya kujipanga upande wa kutokea haipo tena. Anayefika hajahesabu vipande vyake atavihesabu mezani mbele ya watu.

Lililokufa lifumuliwe

Kiswahili kina ukarimu kwa wafumaji. Kufuma kukikosewa, inaongezwa silabi moja, inakuwa kufumua, na uzi unarudi. Fundi wa mbao hana neno kama hilo.

Kwenye kila kiroba kuna kazi mbili tatu ambazo mteja wake alihama, shule yake ilibadilisha sare, au mtoto alikua. Fundi huziweka kwa huruma. Ukambani akina mama walishazoea kufumua sweta kuukuu kupata nyuzi za rangi za kusukia vyondo, na hawakuona ni hasara. Uzi uliofumuliwa huja umejikunjakunja. Uzungushwe kwenye mgongo wa kiti, ufungwe sehemu nne usichanganyikane, uloweshwe kwenye maji ya uvuguvugu, kisha uning'inizwe na kitu kizito kidogo chini hadi ukauke. Wa sufu hunyooka vizuri. Wa akriliki hubaki na ukaidi kidogo, nao una faida yake: viwavi vya nondo hula sufu, akriliki hawaigusi.

Sweta ya mtu mzima iliyofumwa kwa mkono, ya nusu kilo hivi, hutoa kofia nyingi za watoto wachanga. Kofia moja humalizika kwa jioni moja au mbili, haitaki vipimo vya mwalimu mkuu, na wodi za wazazi za Kabale na Njombe hazina kalenda ya kufungua wala kufunga.